Robo ya Athari

Kwetu, athari ni alama inayobaki
baada ya jambo kupita.
Huku Mudhairibi athari ni nusu saa ya maji,
na mimi nimerithi robo yake:
dakika saba na nusu kila baada ya siku tisa,
katika falaji ya Kaukabi,
kutoka kwa baba aliyezaliwa Tabora
asiyeyaona maji hayo hata siku moja,
ila hati yake aliikunja ndani ya msahafu
kama mtu aliyeacha ufunguo kwa jirani.

Umeme wetu hupangiwa bei Maskati.
Wapangaji hatukuwachagua.
Bili inaingia kwenye simu,
tunalalamika, tunalipa, tunazidisha baridi.
Lakini maji haya yana wenyewe.
Alipofariki wakili wa falaji
tulitangaziwa msikitini:
Alhamisi baada ya alasiri, kila mwenye maji afike.

Mabakuli mawili juu ya mkeka,
la buluu la Humaidi, jeupe la Nabhani.
Athari moja, kokwa moja la tende.
Mzee Muhanna alikuwa nayo kumi na mawili,
akiyachezesha kiganjani kama kete za bao.
"Na mwenye robo?" niliuliza
kwa Kiarabu changu kilichojifunga kanga.
Walicheka, si kwa ubaya.
Karani akasema: tafuta robo wenzako, mfanye kokwa.

Tukawa wanne.
Mimi. Bi Shinuna, mjane, mwenye kisukari na mitende sita.
Yakubu, yatima wa miaka kumi na miwili,
aliyekuja na mjomba aliyekatazwa kusema.
Na Mundhiri, yuko Dubai,
sauti yake ikitoka kwenye simu pamoja na honi za foleni.

Humaidi ni mhandisi. Alituonyesha michoro,
pampu ya nguvu za jua, mita,
maji yanayokuja kama mshahara.
Kanzu yake ilipigwa pasi vizuri mno;
sidhani imewahi kulowa.
Nabhani hakuonyesha kitu.
Vidole vyake vimeparuzwa na mawe,
huteremka visimani tangu utoto,
anajua wapi udongo unataka kuanguka.

Na Nabhani ndiye aliyeniibia.
Mwaka juzi, joto la Julai, dakika tatu.
Nilimmulika kwa tochi ya simu
ameshainua kizibo cha matambara kabla ya wakati.
Hakukimbia. Alisema, kwa Kiswahili cha Mlandege,
"Mitende yangu inakufa, dada,"
akarudisha kizibo, polepole.

Bi Shinuna alisema:
"Pampu ya kijiji cha pili ilinyonya miaka minne, kisha chumvi."
Mundhiri: "Yeyote yule, ila msiuze."
Yakubu alimtazama mjomba, akatazama chini.
"Mjomba anamtaka Humaidi.
Mimi namtaka anayeamka usiku."

Wakanigeukia, maana kokwa lilikuwa mkononi mwangu,
tende yake nimeila mwenyewe, bado linanata.
Nilitaka kusema: mwizi wa maji anajua kila tundu.
Sikusema.
Mkono ulikwenda kwenye bakuli jeupe.

Alishinda kwa kokwa moja.
Sidai lilikuwa letu;
Mudhairibi nzima inadai lilikuwa lake.

Jana usiku, saa nane na dakika arobaini,
maji yalifika shambani kwangu, baridi, yana mchanga kidogo.
Nilisimama na saa, miguu imezama.
Saba na nusu ikapita.
Nane. Nane na nusu.
Kizibo hakikushuka.
Kule juu nikaona mwanga mdogo, mtu ameinama,
hana haraka.
Tisa na nusu, ndipo mfereji ukanyamaza.

Dakika mbili zaidi.
Labda saa yangu. Labda deni, analilipa kidogo kidogo.
Nikarudi nyumbani, nikaosha miguu,
sikumwambia mtu.

Anayefuata zamu baada yangu ni Yakubu.