Nambari Ishirini na Tatu

Komini imenipa daftari, kalamu mbili,
kopo la rangi nyeupe na siku nne.
Bustani hii ya Kamalondo ina miti thelathini na mmoja.
"Jina, unene, thamani ya mbao," amesema Bwana Kaseba,
"na usinipambie maneno."
Basi sipambi.

Ni Julai, baridi inauma vidole,
wala hakuna jakaranda hata mmoja wenye ua.
Bila maua miti ni kama watu katika foleni ya benki:
wote wamejaa vumbi jekundu,
wote wanatazama mbele.

Jakaranda na flamboyanti ni mapacha wa jani,
vijani vidogo vidogo, kama unyoya uliochanwa.
Usiulize jani. Uliza ganda.
La jakaranda ni duara, bapa,
linafumba kama kidani cha kutilia picha.
La flamboyanti ni refu, jeusi, panga tupu,
na ukilitikisa mbegu zinapiga chaka, chaka.
Musonda, anayenishikia ngazi, amechomeka moja kiunoni.
Ana miaka tisa. Tangu asubuhi ameua majambazi sita.

Nambari nane: jani limepasuka katikati, kwato ya mbuzi.
Kitabu kinasema bauhinia.
Musonda anasema mti-mbuzi,
nami ninaandika yote mawili, moja juu ya jingine.

Nambari kumi na nne, mgrevilia. Geuza jani:
chini yake ni fedha.
"Ndiyo fedha pekee niliyoishika wiki hii,"
anasema Mama Yumba, akigeuza maandazi,
karai lake likiwa limeegemea shina
ninalotakiwa kulipima.
Nimepima mti pamoja na karai.
Nimetoa karai kwa kukisia.

Kibobakasi wawili karibu na choo:
vichupa vyao vya maji tulikuwa tukivibinya usoni mwa walimu.
Mvinje, unaolia hata upepo ukiwa umelala.
Na ile miwili iliyokwanguka maganda kimo cha goti
haina haja ya kitabu: ni Goli la Juu na Goli la Chini.
Ule mwingine ni Mtandao, kwa kuwa chini yake tu
simu ya Lubumbashi inafika Kolwezi.
Daftari halina safu ya majina haya.

Siku ya nne, jioni, nambari ishirini na tatu.
Shina kijivu, lenye mabaka kama ukuta uliobanduka chokaa.
Kitabu chote, kurasa zote za miti ya mapambo, hakuna.
Huu haukupandwa kwa mstari.
Wazungu walipovuta kamba zao, ulikuwa tayari umesimama,
na kamba, nadhani, ikapindishwa kidogo.

Ndipo Musonda akaniletea mbegu:
nyeusi, inang'aa, na kofia nyekundu kichwani.

Nikaijua. Bibi yangu wa Kasenga alikuwa nazo shingoni,
arobaini na tatu, tulizihesabu akisinzia.
Mupapa, alisema. Kwa wa pwani ni mbambakofi.
Kwa mafundi wa barabara ya Likasi ni milango,
vitanda vya maharusi, majeneza ya wenye nacho.
Kwa safu ya tatu ya daftari langu
ni tarakimu nono kuliko miti yote thelathini.

Nilishika kalamu mpaka wino ukaganda.
Kisha nikaandika:
Haijulikani. Unene: sentimita mia mbili na kumi. Thamani: —

Bwana Kaseba alipitisha kidole juu ya kila mstari,
akasimama hapo.
"Haijulikani?"
"Haijulikani, Bwana."
"Tutamwita mtaalamu kutoka Kinshasa."
Akapiga muhuri.

Nje, Musonda alikuwa akiuza mbegu kwa wenzake,
faranga mia moja kila moja,
na alipoulizwa ni za mti gani
alinitazama kwanza.
"Wa ishirini na tatu," akasema.