Alama ya Tupa

Ngoma zenyewe sizitaki.
Waachie wengine yale mapipa yaliyovishwa lulu bandia.
Mimi nipe vyuma: kishikio, parafujo, pete, kanyagio,
nipe sanduku la viatu lililokaa miaka arobaini
chini ya ngazi za marehemu fulani hapa Toledo,
nami nitaketi sakafuni nikichambua
kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Mke wangu Maribeth amelisemea jambo hili mara moja tu:
"Meza hii ilikuwa ya kulia."

Kiwanda kiliitwa Tolliver na Binns,
kando ya reli, ukuta kwa ukuta na watengeneza kofia.
Leo ni uwanja wa kuegesha magari.
Nimesimama pale mvua ikinyesha,
nimepiga picha lami.

Miaka kumi na mmoja, daftari tatu.
Kishikio chenye pembe: kabla ya vita.
Chenye mgongo wa samaki: baada ya vita.
Na kile chenye pengo dogo kwa ndani, upande wa kushoto,
pengo la upana wa ukucha wa mtoto,
hicho nilikipa jina, Toleo la Pili.
Nilikipa na mwaka, 1949.
Nilikipa na sababu: kubana zinki.
Nilipiga hesabu ya gramu.
Watu wa Osaka na Leeds waliniandikia kuuliza
nami niliwajibu kama kadhi.

Kisha nikampata Bi Philomena Dudek,
miaka tisini na miwili, nyumba ya wazee,
chumba kinachonukia krimu ya mikono.
Nikamwekea kishikio kiganjani.
Hakutafuta miwani. Alipitisha dole gumba mle ndani
akacheka mpaka muuguzi akachungulia.

"Huu mkono wa Casimir," akasema.
"Kalibu namba nne ilikuwa na ufa.
Kila kipande kilichosubiwa mle kilitoka na kijipele,
na bosi kalibu mpya hakununua.
Basi kaka yangu alishinda na tupa, kipande kwa kipande,
akikwangua.
Siku aliyogombana na mkewe
alikwangua zaidi."

Zaidi.
Kumbe Toleo la Pili ni hasira za Jumatatu.

Nikauliza habari za felti, kile kitambaa
kilichosokomezwa ndani ya springi.
(Nilikuwa nimekiandikia kurasa sita.)
"Mabaki ya kofia," akasema. "Wasichana wa upande wa pili
walitupenyezea dirishani, sisi tukawapa sigara.
Springi tupu hulia. Mtu akipiga ngoma, nayo inadakia: zzz.
Kazi yetu ilikuwa chuma kinyamaze."

Ngoma ivumayo haidumu, husemwa, na ni kweli:
ngozi zimepasuka,
mapipa yamegeuzwa vyungu vya maua,
waliowamba, waliopiga, waliocheza hadi viatu vikaachia soli,
wengi wao wako chini ya nyasi.
Lakini juu ya parafujo
sijasikia methali.

Usiku ule sikuchana daftari.
Nilipiga mstari mmoja juu ya 1949, mwembamba, usomeke bado,
na pembeni nikaandika kwa penseli:
C. Dudek. Tupa. Huenda alikuwa wa kushoto.

Ninavyo thelathini na vinane vyenye pengo.
Nimevipanga upya mezani, safari hii si kwa miaka
bali kwa kina: kutoka siku za amani,
zile ambazo tupa imegusa tu na kupita,
hadi hiki cha mwisho,
kilichokwanguliwa mpaka ukikiinua kwenye taa
mwanga unakaribia kupita.

Nikampigia simu. Nikamweleza kile cha mwisho.
Nilisikia televisheni yake, mtu akitaja hali ya hewa.
Halafu ikazimwa.
"Hicho," akasema,
"usikiandike. Niletee."

Nimekifunga kwa kipande cha felti.
Jumamosi sina zamu.