Kuonja Kisima

Alhamisi ya kwanza alikuja na baiskeli ya kukopa,
jembe limefungwa kwa kamba ya mkonge,
mbegu za mchicha ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi.
Cherehani kamwachia mtoto wa dada yake, Barabara ya Tisa.
Hakuna anayemlipa. Tulimuuliza mara mbili.

Jina lake Semeni,
na kweli tulisema:
kwamba kiwanja hiki nyuma ya zahanati ya Mikanjuni
kilikuwa jalala, na kabla ya jalala kilikuwa ugomvi;
kwamba Bi Zaina hawezi kuinama;
kwamba mbuzi wa Mhina hawajui Alhamisi wala Ijumaa.

Akacheka. Akatoa utepe wa fundi,
akapima matuta kama anayeishonea ardhi gauni.
Akatuletea makapi ya mkonge yaliyooza,
yananuka hadi mkono unakataa kukupa tonge.
Na hiki ni chakula, alisema, subirini.
Kisima kipo?
Kipo.
Basi mwagilieni.

Tulimwagilia.
Asubuhi, jioni, kwa ndoo na kwa dua.
Wiki ya tatu mchicha ukaungua pembeni
kama karatasi iliyopitishwa karibu na mshumaa,
na udongo ukatoa unga mweupe
ambao mtoto wa Riziki aliulamba, akasema: chumvi.

Alhamisi hiyo utepe haukutoka mfukoni.
Alichota kwa kiganja, akaonja, akatema,
akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
"Nimekosa mimi. Ningeonja kwanza."

Nina miaka arobaini na moja.
Nimewasikia wenye miradi wakiilaumu mvua,
wakizilaumu mbegu, wakitulaumu sisi.
Neno hilo sikuwahi kulisikia
kwa mtu aliyekuja kufundisha.

Na dawa hakuileta yeye.
Ilitoka kwa Bi Zaina, yule asiyeinama,
aliyekuwa akiutazama tu ukuta wa msikiti:
Maji ya udhu, mara tano kwa siku,
yanapotelea wapi?

Yalikuwa yakipotelea njiani, yakilea mbu.
Muadhini alikuna ndevu, akamuuliza imamu,
imamu akaiuliza kamati,
kamati ikakaa, ikakaa, masika yakabisha hodi.
Ndipo tukachimba mfereji, Semeni mbele, kanga kiunoni,
na maji yaliyoosha nyayo za mtaa mzima
yakaingia matutani bila kelele,
kama mgeni anayejua mlango.

Siku hizi nakaa nyuma ya baiskeli yake, twende Duga.
Wenzetu kule wana bamia kumi na wasiwasi gunia.
"La mfereji nilifundishwa Mikanjuni," anawaambia,
ananionyesha mimi
ambaye mwaka jana nilipanda kitunguu kichwa chini.

Natafuta la kusema, silioni.
Nauliza kisima kiko wapi.
Naacha viatu, napiga goti,
nachota kwa kiganja.

Wamenyamaza wote.
Nayaviringa maji mdomoni, taratibu,
sina haraka ya kutema.