Ile ya Wakubwa, Saa Nne Usiku

Watoto nimewatoa saa tatu na nusu,
nikihesabu vichwa kama mnunuzi wa kuku.
Mlangoni karatasi: WAKUBWA PEKE YAO.
Shilingi thelathini. Mkesha wa Krismasi hauna punguzo.

Banda langu liko Mikindani, nyuma ya kinu cha kusaga,
mabati juu, mabati kando,
joto la Disemba limelala humo kama mgeni asiyeaga.
Kazi yangu ni kutia maneno:
Wazungu wanafungua midomo kwenye kioo,
nami nashika kipaza sauti, nawasemea.

Usiku huu Baba Krismasi kalewa chakari.
Ndevu zimemteremka hadi kitovuni,
anakojoa juu ya theluji, anajaribu kuandika
jina la mtalaka wake, wino unamwishia katikati.
Theluji nimeiita chumvi. Nani atabisha?
Bomba la moshi ndilo lililonisumbua:
nyumba gani Mikindani ina tundu la moshi paani?
Nikasema, "Anaingilia choo cha shimo,
maana mlangoni yuko landilodi."
Banda likapasuka.

Alikuwapo Mkamburi wa baa, viatu mkononi,
na walinzi watatu ambao nauli ya Taveta
iliruka mara mbili, wakabaki.
Alikuwapo Mzee Kalume wa kanisa la jirani,
aliyekuja kutushtaki kwa kuvuruga kesha,
akasema ataketi dakika mbili tu, tuone haya.
Dakika ya arobaini bado anatuonesha haya,
machozi ya kicheko yanamchuruzika hadi kwenye tai.

Na nyuma kabisa, kwenye benchi la miguu mitatu,
Mwandoe, suruali nyekundu, mkanda wa plastiki.
Tangu tarehe mosi ndiye Baba Krismasi wa duka moja kule Nyali:
mtoto mmoja alimtapikia paja,
mwingine alimng'oa ndevu, akapiga ukelele,
"Mama, huyu si ni yule bawabu!"
Leo jioni meneja kamwambia:
"Mshahara baada ya mwaka mpya.
Joho lirudi limefuliwa."

Nililijua hilo. Mtaa hauna pazia.
Basi pale kiooni Baba Krismasi alipochomoa shoka,
akamvamia bosi, akamfunga kwa taa za mti,
zile za kuwaka na kuzimika,
bosi akalia kwa Kizungu kirefu,
mimi nikakifupisha:
"Nitalipa, Mwandoe! Nitalipa na ovataimu!"

Kimya.
Halafu kicheko ambacho thelathini hainunui.
Hata Mzee Kalume alisimama, mkono juu kama shahidi:
"Na nauli! Mwambie aongeze na nauli!"

Hapo ndipo tokeni za stima zikaisha.
Giza totoro. Shoka liko hewani.
"Mwisho, au pesa zetu!" wakadai.
Nikapapasa simu: salio shilingi nne.
Sauti ikatoka nyuma, bila mashine:
"Tulieni. Mwisho naujua."

Mwandoe akautia maneno gizani.
Akasema shoka halikushuka.
Akasema Baba Krismasi aliketi sakafuni, buti zinambana,
akamwomba bosi sigara;
bosi hana mkono wa kumpa, kafungwa,
basi wakakaa tu, wawili, taa zinawaka, zinazimika,
wakingoja polisi,
nao polisi walikuwa wamelewa.

"Ndiyo basi?" akauliza Mkamburi.
"Ndiyo basi."

Filamu hiyo nimeiona mara sita. Mwisho wake si huo.
Wa kweli una damu nyingi, na kengele.

Walipotoka nilimshika Mwandoe mlangoni,
nikamrudishia thelathini yake.
Akaikataa.
Akaniuliza kama nina sabuni.