Mbigili wa Tisini na Sita

Kila Jumatatu, kabla ya saa moja asubuhi,
nilifungua matumbo ya mashine kumi na nne
za duka la kufulia, Mtaa wa Gibbet, Halifax,
mtaa uliopewa jina la shoka
lililokuwa likikata vichwa vya wezi.
Pauni zilimwagika ndooni
zikiwa na joto bado, na harufu ya sabuni.

Bwana Sugden alikuwa amekwisha kufika,
kofia mapajani, chupa ya chai chini ya benchi.
Hakuwa na nguo za kufua.
"Bi Semboja, umenipatia wagonjwa?"
Wagonjwa, ndilo jina alilozipa bandia.
Nilimuuzia pauni kwa pauni,
naye akaondoka kama mtu aliyezidishiwa chenji.

Alinifundisha. Kwanza sikio:
iangushe juu ya kaunta.
Ya kweli hulia, ikauacha mlio ujiendee wenyewe;
ya risasi husema pu, kama kiazi.
Kisha igeuze kama unavyofunua ukurasa:
malkia akiwa wima na ngao nyuma imelala ubavu,
fundi huyo alikuwa na haraka.
Kisha pua. Si yako, ya malkia.
Rangi ya njano huanza kubanduka puani,
kijivu kikachungulia.
Mwisho ukingo,
maana waghushi wengi huchoka
kabla hawajafika ukingoni.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na mbigili
na mwaka tisini na sita.
Mwaka ule haukutoka mbigili wa Uskoti,
ulitoka msalaba wa Ireland ya Kaskazini;
na ukingoni mtu kachapa maneno ya Wales.
"Tazama," alisema, akiipangusa kwa tai yake,
"nchi tatu zimegombana ndani ya banda la mtu mmoja,
na bado imenunua mkate."

Sikumwambia kwamba uwanja wa ndege, Manchester,
kijana mwenye glavu aliigeuza pasi yangu hivyo hivyo,
akaiinamisha kwenye taa, akapitisha kucha ukingoni,
kisha akanitazama pua.

Ikaja pauni ya pembe kumi na mbili.
Jumapili moja ya Oktoba, saa sita usiku,
zile za mviringo zilikoma kununua.
Benki ingezipokea za kweli, ndiyo,
lakini dukani zote zilikuwa sawa na vifungo vya koti.
Asubuhi nilizikuta ndooni, halali na ghushi,
zimelaliana bila wivu.
Bwana Sugden alicheka mpaka akakohoa:
"Leo hii, wagonjwa wangu peke yao
hawajapoteza kitu."

Machi, mpwa wake aliniletea albamu
ndani ya mfuko wa plastiki.
"Alisema wewe utajua."
Nilijua nini? Nilijua mwandiko wake wa penseli,
herufi ndogo zilizobanana kama abiria wa baridi.
Ukurasa wa tisa, chini kulia:
Uso umefutika. Ukingo hausomeki. Bandia.

Nikaipeleka kwa sonara wa jirani.
Gramu tisa na nusu, bila kupungua.
Nikaiangusha juu ya kioo chake
ikalia, ikalia,
hata mteja mwenye pete ya uchumba akageuka.

Haikuwa bandia. Ilikuwa imechoka tu:
miaka thelathini na minne ya mifuko na viganja,
vikombe vya chai, mita za maegesho,
pengine hata mashine yangu nambari sita,
ile inayoguguna.

Nilichukua kifutio.
Nikakirudisha kwenye droo.
Mwandiko wa marehemu nao una ukingo wake.

Imebaki pale pale, jirani na mbigili.
Ila kila nikiifungua albamu
hii ndiyo naitoa kwanza,
naiangusha kwenye meza ya jikoni,
na sikohoi mpaka inyamaze.