Nyuzi Sabini

Rujdara iko mita elfu tatu na mia tisa,
hewa yake nyembamba kama chai ya mgeni wa tatu.
Nilipanda na daftari na kalamu ya risasi
(ile ya wino iliganda huko chini, darajani)
kuipimia jua zahanati ya Zarangez, mkunga:
vyumba viwili, jiko moja la samadi.

Jua la huku ni kali, halina joto.
Linakuchoma pua, vidole linavisahau.
Jua lipo. Kujua ndiko kulikobaki.

Vitabuni, mwinamo wa paneli hufuata latitudo.
Hapa hufuata theluji.
Ukiilaza, theluji italala nayo hadi Machi.
Nikaandika: nyuzi sabini.
Isimame kama mtu anayetega sikio mlangoni,
theluji ikija ikose pa kukaa,
na ule weupe wa chini, uwanja mzima,
uirudishie nuru usoni
kama mdeni aliyekumbuka ghafla.

Baridi nayo ina hila.
Paneli ikipigwa na baridi hupandisha volti;
asubuhi ya arobaini chini ya sifuri
miale ya kwanza tu yaweza kukiunguza kidhibiti chaji
kilichofanya kazi Julai nzima bila kunung'unika.
Nikafuta paneli moja kwenye mfuatano. Tatu, si nne.
Betri ni kinyume chake: ikiwa na baridi haitaki kulishwa,
ukiilazimisha inakufa kimyakimya.
Akiba haiozi, husema watu. Kweli, haiozi.
Huganda.

Basi betri ikawekwa ndani kama mzazi,
kona ya jiko, ndani ya sanduku la mbao
lililoviringwa sufi ya yaki.
Oshurmamad aliibeba mgongoni siku mbili,
akaitua, akaitazama:
"Kilo ishirini na sita, na haisemi hata asante."
Hata friji ya chanjo, huku,
kazi yake ya majira ya baridi ni kupasha joto.
Niliieleza hiyo mara mbili. Hawakushangaa. Nilishangaa mimi.

Ilibaki miguu ya fremu.
Nilikuwa nimechora mita moja.
Zarangez akautazama mchoro, akatoka nje,
akasimama penye ukuta wa kaskazini
na kuweka kiganja chini ya kidevu.
"Mwaka aliozaliwa binti yangu Niyozbegim, ilifika hapa."
Bonde hili halina kituo cha hali ya hewa,
halina jedwali, halina wastani wa miaka thelathini.
Lina kidevu cha Zarangez.
Nikafuta. Nikaandika mita mbili.

Februari simu ikaita, ikikatika-katika.
"Taa?" nikauliza, kabla ya salamu.
"Inawaka. Mapacha, saa tisa usiku.
Nimeona mkasi, nimeona uzi,
nimeona na uso wa mama yao.
Zamani nilikuwa nausikia tu."

Kikapita kimya, nikadhani mtandao umekufa.
Kumbe anacheka.
"Paneli yako inajikung'uta vizuri mno.
Kila kukicha bamba zima linateleza,
pu! mbele ya mlango wangu.
Leo nimetokea dirishani."

Nikalifungua daftari.
Mwinamo upo, volti zipo,
siku nne za mawingu mfululizo zipo,
hata uzito wa sanduku, hata unene wa sufi.
Kuanguka kwa theluji nilikupigia hesabu.
Itaangukia wapi, sikuandika hata mstari.

"Nitakuja Aprili," nikamwambia, "tuisogeze fremu."

"Aprili itakuwa imeyeyuka," akasema.
"Njoo sasa. Njoo na koleo."