Fomu Namba Saba

Pa "Sababu" wameacha mstari mmoja,
mfupi kuliko jina lake: Twalibu Seif Mkumbukwa.
Umri, miaka kumi na moja. Makazi, Keko Machungwa,
chumba cha uani, kwa mjomba.

Kilichoungua: banda la fundi Chande,
vitanda sita, na kabati la bibi harusi
lililokuwa linangoja vioo tu.
Maranda hayaambiwi mara mbili.

Tumekaa kwenye benchi la ofisi, Temeke,
feni inakata hewa bila kuipoza.
Namuuliza habari za moto. Ananijibu habari za simu:
mama hupiga Ijumaa, kutoka Maskati,
mjomba huzungumza naye hela mpaka salio linakwisha.
"Siku hizi ikilia, sinyanyuki."

Sikuandika. Hapakuwa na mstari wake.

Mjomba anasema: mtoto mtulivu, hana neno.
Mwalimu anasema: mtulivu yule, hana neno.
Wote wameitaja kama sifa.

Ila kuna ndala ya mjomba iliyokutwa imeyeyuka
kesho yake baada ya mkanda.
Kuna kola ya sare iliyobabuka
wiki ile walipomwita yatima wa Uarabuni.
Kuna daftari la hesabu lililokwenda karatasi kwa karatasi
nyuma ya choo, kiberiti kizima.
Pafukapo moshi, tunajua sote.
Nyumba ilikohoa mwaka mzima,
wakafungua dirisha.

"Ulitaka banda liungue?"
Anatikisa kichwa. Anakagua vidole vyake.
"Njiti ukiiwasha, inakuangalia.
Ukiiambia ngoja, inangoja kidogo."
Kisha, taratibu, kama anayerudisha alichoiba:
"Siku ile watu wote walikuja mbio.
Fundi Chande alinibeba. Alikuwa analia, akanibeba."

Fundi yuko nje, mkono umefungwa bendeji, hataki kuondoka.
Anataka vitanda vyake vilipwe.
Ameuliza pia, mara mbili sasa,
kama mtoto amekula.

Chai yangu imepoa. Mstari bado mweupe.
Kwenye mafaili mengine nimewahi kuandika "utundu",
neno linaloenea pale bila kubakiza nafasi,
na nikaenda nyumbani, nikalala.

Leo nimegeuza karatasi,
nimeanzia nyuma, palipo wazi:
Ijumaa, saa kumi jioni, simu iliita.